Mzee Ghalibu Aanza Kuhesabu na Sifuri

Watu wa mtaa wa Gongoni wanamjua Ghalibu bin Yaser kwa vitambaa. Ukitaka doti za harusi, kitambaa cha sare ya kwaya, au sanda iliyohitajika ghafla, utaelekezwa kwake, kwenye duka lenye milango miwili ya mbao karibu na soko kuu la Tabora. Ni mtu mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na mmoja, mwenye futi ya kupimia shingoni tangu anapofungua hadi anapofunga. Duka lilikuwa la baba yake, na kabla ya hapo la babu yake. Wa kwanza wa ukoo wao kufika Tabora alitoka Maskati, akaja kutoka Bagamoyo kwa miguu katika njia ya misafara. Ghalibu haipambi habari hiyo. Akiulizwa husema njia ile ilipitisha vitambaa, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na aliyerithi duka hawezi kuchagua kukumbuka kimoja akaacha kingine.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba muuza vitambaa huyu alisomea kompyuta.

Mwaka 1985 baba yake alimpeleka Dar es Salaam, kwenye chuo kilichokuwa na mashine mbili tu kwa darasa zima. Zamu ya kila mwanafunzi ilikuwa dakika ishirini. Kwa hiyo Ghalibu na wenzake walikuwa wakiandika programu zao kwa penseli kwenye daftari, wanazisoma mstari kwa mstari wakijifanya wao ndio mashine, ndipo wanakwenda kukaa mbele ya kibodi. Lugha waliyofundishwa ni Pascal. Aliipenda kama mtu anavyopenda nyumba iliyofagiliwa: kila kitu kina mahali pake, kila kinachofunguliwa kinafungwa, na huwezi kutumia kitu bila kwanza kusema ni cha aina gani. Akawa wa pili darasani.

Mwaka 1988, ukiwa umebaki muhula mmoja, baba yake alipigwa na kiharusi. Kaka zake walikuwa Maskati. Ghalibu akamwambia mwalimu wake kwamba atakuwa nyumbani mwezi mmoja, akapanda treni kurudi Tabora. Mwezi ule haujaisha hadi leo. Alioa, akampata Ammar, ambaye naye sasa yuko Maskati, kisha mabinti watatu, na wa mwisho wao ndiye Haifa. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Pascal hakuiacha kabisa. Padri mmoja wa Kipalapala, seminari iliyo nje kidogo ya mji, alipohamishwa mwaka 1996 alimwachia kompyuta kuukuu, na juu yake Ghalibu akaandika programu moja ya maana maishani mwake: ya kukokotoa nyakati za swala za Tabora. Ratiba zilizokuwa zikiletwa zilikuwa za pwani, ambako jua huzama karibu dakika ishirini na tano kabla ya huku, na watu walikuwa wakijazia kwa kukisia. Msikiti wa mtaani ukaichukua ratiba yake ukaibandika ukutani. Basi, ukiacha hiyo, alikuwa mtu wa khanga.

Haifa ndiye aliyerithi ugonjwa huo wa kompyuta. Alisoma Dodoma, akarudi nyumbani na shahada ya kompyuta na bila kazi, akawa anakaa dukani na baba yake, huku anakunja doti, huku anatuma maombi ya kazi kwa simu. Mwaka uliopita, mwezi wa nane, chama cha wataalamu wa kompyuta wa mkoa kikatangaza mashindano ya watu wawili wawili. Asubuhi ni maswali matano ya kuandikia programu, na programu ikizidi sekunde chache hujapata kitu hata kama jibu ni sahihi. Mchana watu wenye shida za kweli wanaletwa ukumbini, kila kundi linapewa mmoja, na katika saa tatu linatakiwa limtengenezee mfano wa kitu kinachofanya kazi. Haifa akajiandikisha na rafiki yake wa shule, Julieth. Zikiwa zimebaki wiki tatu, Julieth akapata kazi Mwanza, akaondoka.

Ghalibu alijua kuna jambo kwa sababu doti zilikuwa zinakunjwa pindo nje. Alipomuuliza, binti akamweleza, kisha akamtazama kwa namna ya mtu anayepima kitu kwa macho.

"Baba, wewe ulisoma Pascal."

"Nilisoma. Na wewe uliwahi kuicheka."

"Leo sicheki."

Masharti hayakutaja umri. Haifa akampa simu ayasome mwenyewe. Ghalibu akavaa miwani, akafika kwenye lugha zinazoruhusiwa: C++, Java na Python. Akarudi juu, akasoma tena polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa. Pascal haikuwamo. Haifa alimweleza kwa upole kwamba zamani ilikuwamo, tena mashindano makubwa ya dunia yalikuwa ya Pascal, lakini waandishi wake wamepungua na waandaaji wengi wameiondoa. Ghalibu akarudisha simu, akaenda kumpimia mteja kitambaa cha suruali, akakata nusu yadi ya ziada. Hilo halikuwahi kutokea.

Jioni ya siku ile, baada ya swala ya alasiri, aliketi mkabala na binti yake akamuuliza ipi kati ya zile tatu inafanana na mtu mwenye adabu.

Walianza na Java. Haifa alikuwa ameisoma miaka mitatu chuoni, akamwonyesha programu ya kuandika neno moja tu kwenye skrini. Ghalibu alihesabu mistari kwa kidole. Akasema lugha hii ni kama kwenda kuposa: kabla hujasema ulichokuja kusema, lazima umtaje mjomba, umtaje babu, ueleze ukoo mzima, na waliokaa ndani wanakujua tangu umezaliwa. Kwa kazi kubwa ya watu wengi, pengine heshima hiyo inasaidia. Kwa mashindano ya saa tatu aliona watamaliza muda kwenye utangulizi.

C++ ilimvutia. Ilikuwa kali kama Pascal yake, ilitaka kila kitu kitajwe aina yake, na Haifa alimwambia hakuna katika zile tatu inayokimbia kama hiyo. Siku mbili baadaye alikuja dukani Eustace, kijana wa miaka thelathini na kitu anayefundisha chuo kimoja pale mjini, kununua kitambaa cha shati. Naye alikuwa amejiandikisha. Hakuwa na uchoyo. Alimwamkia mzee, akaambiwa marahaba, akasikia habari za mpango wao, akasema waziwazi kwamba kwa asubuhi wakienda na Python watakwama. Maswali ya mwisho huwa yamepimwa kwa mwendo wa C++. Python ni rahisi kuandika, alisema, lakini inatembea.

Haifa hakubisha. Alimwonyesha baba yake upande wa pili. C++ inataka mazoezi ya miaka, na wao wana wiki tatu. Kosa dogo, kama kugusa mahali ambapo hukutengewa, programu inakufa bila kusema imekufa kwa nini, na nusu saa imekwenda. Tena kuna mchana. Kutengeneza kitu kipya kwa saa tatu, ukimsikiliza mwenye shida na kubadilisha kila anaposema sivyo, hapo Python haina mpinzani, kwa sababu vipande vingi vimeshatengenezwa na watu, wewe unaviita tu. Wakaamua kwenda na Python wakijua kabisa kwamba kuna swali moja au mawili ya asubuhi watayaacha njiani.

Darasa lilikuwa dukani, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Mwalimu akiwa wa miaka ishirini na mitano na mwanafunzi wa sitini na mmoja, mambo hayakwenda kimya. Ghalibu hakuelewa kwanza nyumba isiyo na mlango. Katika Pascal unaandika neno la kuanza na neno la kumaliza. Katika Python kinachosema mistari hii ni ya pamoja ni nafasi tupu pembeni mwake. Ilimsumbua siku nzima kwamba kitu ambacho hakikuandikwa kinaweza kuwa na maana. Kisha likaja suala la kuhesabu. Python inaita kitu cha kwanza kwenye orodha kuwa ni cha sifuri.

"Mwanangu, ulimwona wapi mtu akiuza kitambaa akaanza kupima yadi ya sifuri?"

Haifa alinyoosha mkono akashika ncha ya futi iliyokuwa shingoni kwa baba yake. "Hii inaanzia ngapi?"

Ghalibu akaitazama. Miaka thelathini na saba ameishika, na namba ya kwanza kwenye ncha yake ni moja, lakini ncha yenyewe, pale pembeni kwenye chuma, pasipoandikwa kitu, ndiyo mwanzo. Alicheka mpaka mke wake Fakhria akatoka nyuma kuangalia kuna nini. Toka siku hiyo hakukosea tena hesabu ya orodha.

Kitu kimoja alikataa kubadilisha. Kila programu aliiandika kwanza kwa penseli, nyuma ya makaratasi ya kufungia vitambaa, akaisoma yote kwa kidole kabla ya kugusa kibodi. Haifa alikuwa amezoea kuandika, kujaribu, kufuta, kujaribu tena. Alimtania kwamba mashine sasa haina zamu ya dakika ishirini. Lakini alipoona programu tatu za baba yake zimekubali mara ya kwanza bila kosa hata moja, utani ukapungua, na siku ya tano Ghalibu akamkuta naye anachora kwenye karatasi.

Mashindano yalikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, katika ukumbi wa chuo. Fakhria aliwafungia vitumbua na chupa ya chai. Makundi yalikuwa kumi na manne. Mlangoni msichana wa mapokezi alimwamkia Ghalibu kwa heshima zote akamwelekeza kwenye viti vya wazazi, na Haifa ikabidi aeleze kwamba mzee hakuja kutazama. Ghalibu hakukasirika. Alisema baadaye kwamba kama yule msichana angesisitiza kidogo, angekwenda kukaa na wazazi kwa furaha.

Maswali matatu ya kwanza yaliwachukua muda wa saa moja na dakika kumi. La nne likamkamata Haifa. Lilisema: umepewa namba laki mbili na urefu fulani, tafuta namba mbili ambazo jumla yake inakaribia zaidi urefu huo bila kuuzidi. Haifa aliandika haraka: chukua ya kwanza, ijaribu na nyingine zote, chukua ya pili, ijaribu na nyingine zote. Mfano mdogo ukakubali. Akatuma. Jibu likarudi kwamba muda umekwisha. Akalaumu Python. Akasema hapa ndipo Eustace alipowaonya, akaanza kuuma ukucha.

Ghalibu alikuwa amelisoma swali mara mbili kwenye karatasi, na mara ya pili alianza kutabasamu.

"Hivi ni vipande vya kabatini," alimwambia. "Mteja anataka yadi nne na nusu, na mimi nina vipande tu. Unafikiri huwa nakijaribu kila kipande na kila kipande?"

Kisha akamweleza kwa sauti ya chini anavyofanya. Vipande vyote anavipanga kwa urefu, mfupi zaidi kushoto, mrefu zaidi kulia. Anashika mfupi kwa mkono huu, mrefu kwa mkono ule. Vikizidi anachotaka mteja, mkono wa kulia unarudi hatua moja. Visipofika, anakumbuka vimekaribia kiasi gani, kisha mkono wa kushoto unasogea hatua moja mbele. Mikono ikikutana kazi imekwisha, na kila kipande kimeguswa mara moja tu. Haifa alimtazama baba yake kinywa wazi. Kule chuoni alikuwa amefundishwa njia hiyo hiyo, na kwa pupa aliisahau. Wakafuta yote, wakaandika upya mistari kumi na miwili. Programu ikapita kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wakakubaliana kwamba njia ya kwanza hata ingeandikwa kwa C++ isingefika popote, maana kosa lilikuwa kwenye njia yenyewe, na lugha yenye kasi ingekwama baadaye kidogo tu.

Swali la tano lilikuwa jingine. Lilihusu ramani ya miraba elfu tatu kwa elfu tatu, na kutafuta njia fupi ya kuivuka. Njia waliyotumia ilikuwa sahihi, mifano yote midogo ilikubali, na bado muda uliisha. Walibana hapa na pale. Ukaisha tena. Miraba milioni tisa haikuwa mzigo wa Python katika sekunde tatu. Upande wa pili wa ukumbi Eustace na mwenzake, Ngassa, walituma la kwao kwa C++ likapita, wakawa kundi pekee lililomaliza matano. Ghalibu alisimama akaenda kuwapa mkono. Alitaka pia kuona ilivyoandikwa, Eustace akamwonyesha bila kusita, kwa kuwa muda ulikuwa umeshafungwa.

Mchana waliletwa watu wenye shida zao. Kulikuwa na muuguzi wa zahanati, mwalimu, wafuga nyuki wawili kutoka Tura, mwenye mashine ya kukoboa. Kundi la Ghalibu lilipewa Mzee Masolwa, mfugaji wa Ziba wilayani Igunga, katibu wa wafugaji wa kata yake. Shida yake aliieleza kwa maneno machache. Kiangazi kikikolea, malambo ya kunyweshea ng'ombe hukauka moja moja, na hakuna ajuaye lipi lina maji leo. Mtu huswaga ng'ombe nusu siku, akafika, akakuta tope. Au anakuta maji na ng'ombe elfu wa wenzake. Ng'ombe aliyekonda hawezi kurudishwa njia ile ile. Mwaka ule yeye mwenyewe alipoteza saba barabarani.

Haifa aliruka kazini. Kwa saa moja na robo alikuwa na ramani ya kata kwenye skrini, kila lambo duara, bluu likiwa na maji, kahawia likiwa na tope, na ukibonyeza duara linafunguka na maelezo. Ilikuwa nzuri kweli. Makundi mengine yalikuwa bado yanahangaika na mistari ya kwanza. Ghalibu alikuwa hana kazi nyingi wakati huo, basi alichukua vitumbua vilivyobaki akaenda kukaa na Masolwa. Alimsalimu, "Mwadila," na mzee yule akanyanyua macho kwa mshangao, kwani hakutegemea Kinyamwezi kutoka kwenye sura ile. Muuza vitambaa wa Tabora asiyejua Kinyamwezi atauza kwa nani? Wakazungumza habari za mvua, za malisho, za watoto. Kisha Ghalibu akamwonyesha ile ramani kwa mbali, akamuuliza anaionaje.

Masolwa aliisifu. Halafu akatoa simu yake mfukoni, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira ili betri isianguke, akaiweka juu ya meza.

Ghalibu aliitazama ile simu, akaelewa. Akamuuliza wangapi kwenye kata wana simu za kioo. Walimu, akajibiwa, na vijana wa senta. Wenye ng'ombe wako porini na simu kama hii. Wengine hawasomi, lakini neno moja, kama tope, wanalitambua kwa sura yake kama wanavyotambua chapa ya ng'ombe.

Alirudi kwa Haifa na mzigo moyoni, kwa sababu alijua anakwenda kumwambia nini binti aliyekuwa anang'aa kwa furaha. Alimweleza yote. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Alitegemea machozi au ubishi. Haifa alibonyeza duara moja la bluu, likafunguka, akalifunga.

"Imenichukua saa moja tu, Baba," alisema hatimaye. "Ingekuwa imenichukua wiki, nisingekubali kuitupa."

Akafungua ukurasa mtupu. Kwenye mkoba alikuwa na modemu ya laini, ile ya kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, na Python ina vipande vilivyokwisha kuandikwa vya kuzungumza nayo. Waligawana. Haifa alishughulikia kupokea na kutuma ujumbe. Ghalibu, kwa penseli kwanza, aliandika kiini chake: mlinzi wa lambo anatuma jina la lambo na neno moja, maji, tope au foleni. Mwenye ng'ombe anatuma jina la lambo peke yake, na anarudishiwa neno la mwisho lililoletwa na saa yake. Masolwa sasa alikuwa amesogeza kiti akakaa nyuma yao. Alisahihisha majina. Alisema watu hawatumii jina la serikali, wao wanaita Lambo la Shule, Lambo la Misheni. Alisema pia kama habari ni ya jana, lazima iseme ni ya jana, kwa sababu lambo la jana ni uongo. Kila aliposema, Ghalibu alibadilisha mistari miwili mitatu na kuijaribu palepale. Hakuwahi kufanya kazi hivyo maishani. Kwenye Pascal yake ya zamani angekuwa bado anatangaza aina za vitu.

Zamu yao ya kuonyesha ilipofika, mmoja wa waamuzi, mama wa makamo, alitakiwa ajifanye mlinzi. Akaandika kwenye simu yake: shule tope. Masolwa akaandika kwenye simu yake yenye mpira, kidole kimoja, polepole, neno moja tu: shule. Hakuna kilichokuja. Haifa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Ghalibu alianza kuisoma programu kichwani tangu mstari wa kwanza, au wa sifuri, akitafuta kosa. Ndipo ile simu ndogo ikalia, na Masolwa akaisoma kwa sauti kwa ukumbi wote: lambo la shule, tope, leo, saa kumi na moja na dakika nne. Akaitazama tena, akasema kama anajisemea mwenyewe kwamba wale ng'ombe saba wasingekufa njiani.

Eustace na Ngassa walikuwa wa kwanza kwa jumla, kwa maswali yao matano. Mchana C++ iliwachelewesha, wakawaonyesha wafuga nyuki kitu imara ambacho kilikuwa nusu tu. Ghalibu na Haifa wakawa wa pili. Walipoitwa mbele Ghalibu alitembea na futi yake shingoni, alikuwa amesahau kuivua tangu asubuhi, na watu walipiga makofi wakidhani amekusudia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakipita barabara yenye kivuli. Njia nzima alikuwa akizungumzia lile swali la tano. Karibu na Gongoni akasema kwamba mwaka themanini na nane alimwambia mwalimu wake atarudi baada ya mwezi. Haifa alipitisha mkono wake kwenye mkono wa baba yake, wakaenda hivyo mpaka mlangoni, ambapo Fakhria alikuwa ameshapata habari zote kwa simu na alikuwa akiwasubiri na halua.

Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado hazijakaribia, walikwenda Ziba. Programu ilikaa kwenye kompyuta ya dukani, pembeni ya majora ya kitenge, na ilianza na walinzi wanne. Haikwenda laini. Umeme ulipokatika ilikufa, na wafugaji wakakaa siku nzima bila majibu, mpaka Ghalibu akatafuta betri. Watu walituma salamu, walituma maswali ya ndoa, mmoja alituma kuulizia bei ya khanga. Ghalibu aliwajibu wote mmoja mmoja, kisha akaifundisha programu kuwaomba radhi. Kiangazi kilipokwisha walinzi walikuwa kumi na mmoja.

Yule mama mwamuzi alikuwa mhandisi wa maji. Mwezi wa kumi na mbili alimwita Haifa Nzega kufanya kazi naye. Haifa huja nyumbani Ijumaa moja na kuacha moja, na akija, kabla hajavua buibui, huulizwa na baba yake kuhusu jambo fulani la programu lililogoma.

Jumamosi alasiri Eustace hupita dukani. Anamfundisha mzee C++, naye analazimishwa kuandika kwa penseli kwanza, jambo ambalo amelalamikia kwa miezi sita na hajaacha kulifanya. Wiki iliyopita walikuwa wameinamia karatasi moja, wanabishana juu ya nukta mkato, na mbele ya kaunta wamesimama wanawake watatu waliokuja kununua vitambaa vya sare ya harusi. Fakhria alitoka nyuma, akawatazama wale wawili, akaichukua futi kutoka shingoni kwa mumewe bila yeye kugeuka, na akaanza kuwapimia wateja mwenyewe.